Siku ya wanafunzi katika uwanja wa wakubwa

JE, msomaji, umewahi kumwona mtoto wa shule akiingia kwa mara ya kwanza katika uwanja ambao amezoea kuuona kwenye televisheni? Hutazama juu majukwaani, akameza mate, kisha akainama kufunga kamba za viatu ambazo zimekwisha kufungwa. Mimi niliyaona hayo mjini Kericho, Jumamosi moja ya muhula wa pili, na wala sikuwa nimesafiri kwenda kutazama mpira. Nilikuwa nimekwenda kunywa chai.

Dada yangu mkubwa ameolewa upande wa Litein, katika nchi ya Wakipsigis, na ana shamba dogo la chai. Kwa miaka mingi amekuwa akitusuta sisi wa Nairobi kwamba tunakunywa chai ya pakiti bila kujua hata mti wake unafananaje. Basi safari hii nikamchukua mama watoto pamoja na vijana wetu wawili, tukajipakia garini Ijumaa alfajiri.

Ukiwa na haraka, pitia Nakuru. Kwa njia hiyo Kericho iko kilomita 260 hivi kutoka Nairobi. Lakini ukiwa na watoto wanaopenda kuuliza maswali, nakushauri upitie Narok. Utayaona mashamba ya ngano yasiyo na mwisho, utapita Mulot na Longisa, kisha uteremke Bomet, mji ulio kando ya Mto Nyangores. Baada ya hapo ndipo rangi ya dunia inapobadilika. Si kijani cha mahindi wala cha nyasi. Ni kijani kilichokatwa sawasawa, kama kichwa cha mtoto aliyetoka kwa kinyozi.

"Baba, kwa nini miti hii ni mifupi?" kifunguamimba wangu aliuliza tulipokuwa tukipita Kapkatet.

Swali zuri. Mchai ukiachwa uote upendavyo huwa mti mrefu, mrefu kuliko nyumba ya kawaida. Hukatwa mara kwa mara ili usizidi kiuno cha mchumaji, na ili utoe machipukizi mapya. Chai ilipandwa kwanza Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakafuata katika miaka ya 1920 chini ya makampuni ya Waingereza. Wananchi wenye vishamba vidogo walipata nafasi yao halisi baadaye, hasa baada ya KTDA kuundwa mwaka 1964. Ndiyo sababu ukitoka Bomet hadi Litein utaona chai imeingia mpaka kwenye madirisha ya nyumba za watu, mistari kumi hapa, ishirini pale, na ng'ombe mmoja katikati. Ukishapita Chemosit kuelekea Kericho mjini, hali ni nyingine. Huko shamba moja hupanda kilima na kushuka kingine, na nyumba za wafanyakazi zimejipanga kama viberiti.

Tulifika kwa dada saa kumi jioni. Mpwa wangu, msichana wa Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa iliyo jirani, alikuja mbio kutulaki. "Chamgei, mama!" akanipigia kelele.

Watoto wangu waliangua kicheko nusura waanguke. Ilibidi waelezwe kwamba kwa Wakipsigis "mama" ni mjomba, yaani ndugu wa mama mzazi. Nimekuwa "mama" wa msichana huyu kwa miaka 16 na nimezoea.

Usiku huo, tukinywa chai ya maziwa iliyokolea hadi rangi ya udongo, ndipo tulipopewa habari. Mpwa wangu ni kipa wa timu ya soka ya wasichana ya shule yao. Walikuwa wamepita kiwango cha zoni, wakapita cha kaunti ndogo, na kesho yake walikuwa na mechi ya mwisho ya kaunti. Mshindi angekwenda kuiwakilisha Kericho katika mashindano ya eneo la Bonde la Ufa, na huko ndiko kuna mlango wa mashindano ya kitaifa. Mechi yenyewe ingechezwa katika uwanja wa Kericho Green.

"Na wewe, dada, umemwona akicheza?" nikauliza.

Dada alikoroga chai yake ambayo ilikuwa imekwisha korogwa. Hakuwa amemwona hata mara moja.

Usimhukumu haraka, msomaji. Majani chai yana amri zake. Yakiwa tayari, unachuma majani mawili na chipukizi lake, kikapu mgongoni, tangu umande wa asubuhi. Na yakishachumwa hayangojei mtu. Ni lazima yafike kituoni siku hiyo hiyo, karani ayapime, ayaandike kwenye nambari ya mkulima, na lori la kiwanda liyachukue. Yakilala kwenye gunia hupata joto na kuwa mekundu, na majani mekundu hakuna anayeyataka. Malipo ya kila mwezi ni ya sukari na sabuni, lakini ile bonasi ya Oktoba ndiyo karo ya shule. Shemeji yangu anafanya kazi Mombasa, kwa hiyo mikono ya kuchuma ni ya dada na jirani mmoja mjane anayemsaidia. Na Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya shamba lake kuchumwa.

"Tangulieni ninyi," dada alisema. "Nikimaliza kupima nitapanda matatu."

Msichana hakusema neno. Aliosha glavu zake za ukipa kwenye karai na kuzining'iniza juu ya meko.

Asubuhi basi la shule lilimchukua saa kumi na mbili. Sisi tulifika mjini saa tatu. Hatukutozwa kiingilio, na mimi, mwanahabari niliyezoea kusukumwa na mabawabu milangoni mwa viwanja, nilipita kama mwenye nyumba.

Niruhusu nikueleze kidogo kuhusu uwanja huu, kwa sababu hao watoto walijua fika wanakanyaga wapi. Tarehe 20 Oktoba 2023 sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika hapa, na uwanja ulikarabatiwa kwa ajili hiyo. Rais alikaa hapa na majeshi yakapiga gwaride hapa. Kabla ya hapo, Zoo ya Kericho ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2017, ilikuwa ikiwakaribisha hapa vigogo kama Gor Mahia. Wazee wa mji bado huzungumzia siku hizo kwa mapenzi, kisha hunyamaza, kwa kuwa mwaka 2021 FIFA iliamuru timu hiyo iteremshwe kwa makosa ya kupanga matokeo ya mechi. Na kabla ya hayo yote kulikuwa na Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa Kericho, aliyetwaa shaba katika mita 800 kule Tokyo mwaka 1964. Hiyo ndiyo medali ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki. Miaka minne baadaye alirudi na fedha kutoka Mexico. Alifariki Novemba 2022. Niliwauliza vijana wawili wa shule waliokuwa wameketi mbele yangu kama wanamjua. Mmoja alisema ndiyo. Mwingine alisema anamjua Kipchoge.

Mechi ya kwanza ilikuwa ya raga ya wachezaji saba kila upande. Ni mchezo mfupi, dakika saba kwa saba, kwa hiyo ukigeuka kununua njugu umekosa nusu yake. Mke wangu, ambaye aliapa kwamba haelewi raga, alikuwa amesimama juu ya kiti kabla ya mechi ya pili kwisha, akimhimiza kijana mmoja mwembamba asiyemjua wala kujua jina la shule yake. "Kimbia, mwanangu! Kimbia!" Kijana alikimbia. Alipoangusha mpira hatua mbili kabla ya mstari, mke wangu alikaa chini na kusema hatatazama tena. Alitazama.

Ukitaka kufaidi siku ya namna hii, usikae katika jukwaa kuu pamoja na walimu wakuu na maofisa wa elimu. Huko ni baridi, na watu hupiga makofi kama wako kwenye semina. Kaa karibu na wanafunzi. Shule moja ilikuja na mitungi mitupu ya mafuta ikiwa ngoma, nyingine ikaja na msichana mmoja tu mwenye filimbi, na yule mmoja akawashinda wote. Nyimbo zao huanza kumsifu mchezaji fulani na kuishia kumsuta mpishi wa shule kwa maharagwe yasiyoiva. Wachuuzi hupita na mahindi ya kuchemsha, mayai yenye kachumbari, na chai katika birika za thamosi. Mwanangu mdogo alikula mayai manne. Sikujua mpaka tulipokuwa njiani kurudi, na hayo tuyaache.

Niliwahi kusoma kwamba mjini Boston, Marekani, vyuo vikuu vinne hushindana kila mwaka katika besiboli, mchezo ule wa gongo na mpira mdogo ulio binamu wa raundasi tuliyocheza shule ya msingi. Kwa miaka mingi fainali yao imekuwa ikichezewa Fenway Park, uwanja wa timu kubwa ya Red Sox uliofunguliwa mwaka 1912. Wengi wa vijana hao hawatakuwa wachezaji wa kulipwa. Watakuwa madaktari, mahasibu na walimu. Lakini siku moja katika maisha yao walisimama mahali wanaposimama wakubwa, na nyasi zilikuwa zile zile. Nilikumbuka habari hiyo wakati wasichana wa mpwa wangu walipotoka chumbani saa nane kamili, wamevaa jezi za kijani zilizowapwaya mabegani. Walitazama juu. Watatu wao waliinama kufunga kamba za viatu.

Mpwa wangu hakuinama. Aliyapitia majukwaa polepole kwa macho, mstari baada ya mstari, kutoka kushoto hadi kulia. Alituona. Alipunga glavu moja, kisha akaendelea kutafuta. Nilitamani ningekuwa na jibu la kumpa. Simu ya dada ilikuwa haipatikani.

Usidhani, msomaji, kwamba soka ya wasichana wa shule ni mchezo wa kupitisha wakati. Juni 2024 wasichana wa Kenya walio chini ya miaka 17, wengi wao wakiwa bado wanafunzi wa sekondari, waliichapa Burundi na kuwa timu ya kwanza kabisa ya soka ya Kenya kufuzu kwa Kombe la Dunia, la wanaume au la wanawake. Walikwenda Jamhuri ya Dominika mwaka huo huo, wakafungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, lakini wakaibwaga Mexico mabao mawili kwa moja. Kila msichana aliyekuwa uwanjani Kericho siku ile alikuwa anayajua matokeo hayo kuliko anavyojua jedwali la kemia.

Dakika ya kumi na mbili wapinzani, waliovaa jezi za rangi ya damu ya mzee, walipiga mpira wa mbali. Haukuwa hata mchomo, ulikuwa mpira wa kubahatisha uliodunda mara mbili. Mpwa wangu aliutazama ukija. Sijui alitazama nini tena, kwa maana kichwa kiligeuka mara moja kuelekea lango kuu la uwanja, na mpira ukampita chini ya kwapa ukatinga wavuni.

Kelele zilizopigwa sitaki kuzisimulia. Kijana mmoja nyuma yangu alitamka neno juu ya kipa huyo ambalo lilimfanya mke wangu ageuke. Aligeuka tu, hakusema kitu, na kijana akahamia mstari mwingine.

Halafu mvua ikaja. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ina saa zake za alasiri kama mfanyakazi mwaminifu. Kwanza vilima vya chai vilifutika, kisha goli la mbali, kisha refa mwenyewe. Mawe ya barafu yalipiga mabati hata tukawa hatusikiani. Mechi ilisimamishwa, wachezaji wakakimbilia chini ya jukwaa, na mabinti wa filimbi na mitungi wakaendelea kuimba gizani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ni katika mvua hiyo nilipomwona mwanamke akija kando ya ukuta, amevaa gambuti na ile aproni nene ya plastiki ya wachuma chai ameifunika kichwani badala ya mwavuli. Alikuwa amekwisha kutupita niliposimama nikamwita.

"Wamemaliza?" dada aliuliza. Maji yalikuwa yakimtiririka puani.

"Bado. Umepima majani?"

Alikaa kwanza. Akavua gambuti moja, akamwaga maji, akalivaa tena. Lori lilikuwa limekwama mahali fulani kwenye matope, na karani alikuwa hajafika hadi saa saba. Magunia mawili aliyoyachuma tangu alfajiri yalikuwa kwenye kibanda cha kituo, yakilindwa na yule jirani yake. "Nimemwambia, likija sawa, lisipokuja sawa," alisema. Aliposema hivyo hakunitazama. Mimi najua magunia mawili yana maana gani katika nyumba ile, na wewe unayelipa karo unajua pia.

Mchezo ulirejelewa saa tisa na nusu, uwanja ukiwa na madimbwi. Dada hakuketi tena. Hajui sheria ya kuotea na hakuuliza. Alichotazama ni goli moja tu, na mpira ulipokuwa upande wa pili wa uwanja yeye aliendelea kumtazama binti yake aliyekuwa amesimama peke yake kwenye tope, akirukaruka ili asipoe. Sikuona mpwa wangu alipomtambua mama yake. Niliona tu kwamba sasa kichwa chake hakigeuki tena.

Aliokoa mchomo mmoja kwa mguu. Akaupangua mwingine ukagonga mtambaa panya. Na katika dakika za lala salama winga wao mmoja, kasichana kadogo kuliko wote, alipenya katikati ya mabeki wawili walioteleza na kusawazisha. Dada aliniuliza: "Hiyo ni yetu?" Nikamwambia ni yetu. Hapo ndipo alipopiga kigelegele, na nyuma yetu mitungi ikajibu.

Waliingia kwenye mikwaju ya penalti. Mpwa wangu alipangua miwili kati ya mitano, na wa pili aliudaka kabisa, akaukumbatia tumboni kama mtoto mchanga. Lakini wenzake walikuwa wamepoteza miwili pia, na kapteni wao alipokwenda kupiga wa mwisho akiwa na deni la kusawazisha, aliupaisha juu, ukaenda kutua huko kunakouzwa mahindi. Mitatu kwa miwili. Wale wenye jezi za damu ya mzee ndio waliokata tikiti ya kwenda mashindano ya eneo, na kusema kweli walikuwa na timu nzuri.

Kapteni alikaa chini palepale kwenye dimbwi. Kipa alitoka golini, akatembea uwanja mzima bila haraka, akakaa kando yake.

Ukipanga safari ya namna hii, chukua sweta hata kama Nairobi kuna jua, na uvae viatu usivyovipenda. Muulize mwalimu wa michezo wa shule yoyote iliyo karibu, atakueleza ni Jumamosi gani na ni uwanja gani. Soka, voliboli, netiboli na raga ya saba saba huchezwa muhula wa pili. Ukitaka mpira wa kikapu, hoki na riadha, njoo muhula wa kwanza. Na kabla ya kuondoka mjini, kula kimnyet kwa mursik, maziwa yaliyolala katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa. Wanariadha wetu hupokewa nayo uwanja wa ndege wanaporudi na medali. Sisi tuliinywa bila medali yoyote na haikupungua utamu.

Mwalimu alitukubalia kurudi na mpwa wangu katika gari letu. Tulikuwa tumebanana, mvua imekwisha, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka kwenye michai upande huu na huu wa barabara. Karibu na Chemosit simu ya dada ilipata mtandao na kulia. Alisikiliza kwa muda mrefu, akajibu kwa Kikipsigis, akakata. Lori lilikuwa limefika saa kumi na moja na nusu. Gunia moja lilipokelewa lote. Katika lile jingine karani aliyakataa majani ya juu yaliyoloa na kupata joto.

"Pole," nikamwambia.

"Ni kilo chache," alisema.

Tukaenda kimya kitambo. Mpwa wangu alikuwa ameegemea dirisha, glavu zake zimelowa juu ya mapaja, nami nilidhani amelala.

"Mama," aliita, na safari hii hakuwa akiniita mimi. "Ulifika saa ngapi?"

"Wakati wa mvua."

"Kwa hiyo lile bao hukuliona."

"Bao gani?"

"Basi," alisema msichana, akafunga macho. "Afadhali."